Ardith Hupp na Dhamana ya Maisha

Huyu ninayemwandika ni Ardith Rosalee Hupp, binti Orville Hupp aliyetoka mgodini Sugar Run akiwa amembeba mgongoni mtu ambaye walikuwa hawasemezani; mjukuu wa Cordelia Hupp aliyezalisha bonde zima na hakupoteza mama hata mmoja; kitukuu wa Ansel Hupp aliyejenga daraja la mbao ambalo mafuriko yalipita juu yake yakaliacha limesimama. Ardith mwenyewe alimzika mume akiwa bado kijana, akalea mabinti wawili bila kubisha hodi kwa mtu, akaimba sauti ya pili kanisani hata pale wa sauti ya kwanza walipokosekana. Na kwa miaka mingi simu ya kiwanda cha bastola cha Mosbaugh aliyeipokea ni yeye.

Nilifanya kazi naye tangu nywele zetu zingali nyeusi. Mimi nilikuwa kwenye kufungasha, yeye kwenye meza ya marekebisho, na kati yetu palikuwa na dirisha lisilo na kioo tulilopitishiana maboksi na umbea. Ninayoyasimulia niliyaona, au aliniambia kwa kinywa chake, na Ardith hakuwa mwongo mpaka alipolazimika.

Watu wa mbali hudhani bastola hutengenezwa na wanaume wenye siri. Sisi tulikuwa wanawake wenye aproni. Mzee Lowell Mosbaugh alianza kwa kuyeyusha zinki na kumimina vitasa vya milango. Vitasa vilipokosa soko akamimina bastola. Ndiyo maana wenye fedha zao walitucheka. Bastola yetu ilikuwa nene, nzito, haina urembo wowote. Walisema ni nanga ya boti. Walisema ukiishiwa risasi mtupie adui yenyewe, uzito utamaliza kazi. Mzee hakukasirika. Alisema hao wanaocheka wana nyingine kabatini, na yeye anamtengenezea mtu ambaye hii ndiyo pekee atakayoinunua maishani mwake: mwanamke anayeuza petroli usiku, mzee aliyebaki peke yake bondeni baada ya watoto kuhamia Columbus.

Na kwa kuwa alijua zinki ni zinki, aliweka ahadi. Bastola yetu ikikusumbua, irudishe, tutaitengeneza bure. Si lazima uwe wewe uliyeinunua. Hata ukiwa mtu wa kumi kuishika, tutaitengeneza. Hata ukiwa umeikanyaga kwa trekta. Hatuulizi maswali. Hiyo ndiyo tuliyoiita dhamana ya maisha. Tena ikirudi kwako utakuta ndani ya boksi zawadi ya kuomba radhi: magazini moja ya ziada, kile kikasha cha chuma kinachobeba risasi na kuingia ndani ya mpini.

Ardith aliibeba ahadi ile kama mtu abebavyo jina la ukoo. Waliopiga simu walikuja na hasira, naye aliwapokea kwa utani. Mwanamume mmoja wa Tennessee alimwambia, "Mama, niliinunua hii inilinde, sasa mimi ndiye ninayeilinda isichekwe." Mwingine alisema yake anaitumia kuzuia mlango usijipige na upepo. Ardith akamjibu, "Basi, mwanangu, nitumie na mlango, nivitazame vyote kwa pamoja." Walicheka, wakatuma, wakatengenezewa. Hata waliotudharau walikiri kwamba bastola ya Mosbaugh ni takataka, lakini yule mama wa kwenye simu hupati mwingine.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mzee alipokufa kiwanda kiliangukia kwa Kip, mume wa binti yake, kijana mwenye meno mazuri ambaye hakuwahi kuungua na zinki hata kidoleni. Kip aliona sifa zetu akaona ni mahali pa kubana matumizi.

Sasa nimlete Zella. Zella Tackett alikaa Laurel Lick, ng'ambo ya mto, upande wa West Virginia, akifua mashuka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Mumewe, Denver, alikuwa jela. Kabla ya kwenda huko alimvunja Zella mkono wa kushoto, na siku ya hukumu, walipopishana mlangoni, alimnong'oneza kwamba akitoka atakuja kuushughulikia wa kulia. Zella akanunua bastola ya Mosbaugh, kwa kuwa ndiyo aliyoimudu. Alipokwenda kuijaribu korongoni ikakwama. Akampigia Ardith.

Walizoeana kwenye simu. Zella alikuwa na sauti ya mtu anayeomba radhi kabla hajakukosea. Aliuliza kama ni yeye anayeishika vibaya. Ardith akamwambia, "Usijilaumu, mpenzi. Hata ingeshikwa na malaika ingekwama, maana kosa ni letu." Bastola ilipofika kiwandani Ardith aliifungua, akaipiga tupa pale risasi inapopandia, akabadilisha kilichochakaa, akatoka nayo nyuma ya kiwanda kwenye tuta la udongo tulikojaribia. Alipiga kwa magazini ya Zella mwenyewe, akajaza tena akapiga tena. Haikukwama. Akaifunga kwenye boksi pamoja na zawadi, ikiwa bado ndani ya nailoni yake. Nani hujaribu zawadi?

Zella alipiga kushukuru. Alisema Denver anakaribia kutoka, lakini sasa analala. Kisha akasema, "Ile mpya mliyonipa ndiyo nimeiweka ndani. Ya zamani nimeitupa kwenye droo, imeniudhi vya kutosha."

Wote walifanya hivyo. Ndilo kosa la watu wetu, na ukiwa mtu wa huku utalielewa: mtu akikuletea kipya kwa kuomba radhi, kukiweka kando ni kama kumkatalia radhi yake. Unakitumia. Kile ulichokizoea, kilichokwisha kuonyesha tabia yake, unakiweka kwenye droo.

Haukupita muda maboksi yakaanza kurudi. Bastola ambazo Ardith alikwisha kuzitengeneza zilirudi na lalamiko lile lile, tena ndani yake mna magazini za zawadi. Akazipanga mezani, akaziinamia, akaniita dirishani. Midomo ya juu ya magazini hizo, ile inayoishika risasi isitoke kabla ya wakati wake, ilikuwa imekunjwa ovyo, huku mipana, huku imebana. Alipouliza stoo wakamwambia ndiyo, zinazouzwa pamoja na bastola bado ni zile zile zetu. Hizi za zawadi Kip anazitoa kwingine, kwa sababu ni za bure tu.

Ardith alipanda ngazi kwenda ofisini na mimi nikamfuata, nikisingizia karatasi ya kusainiwa.

"Kip, zawadi zetu ni mbovu. Waandikie watu wazitupe."

"Mama Ardith, nikiandika nimekiri kosa. Atakayepata shida atapiga simu. Si ndiyo maana tuna wewe?"

"Mwenye shida na bastola hapati nafasi ya kupiga simu."

Kip alitabasamu kama mtu anayesubiri mtoto amalize kulia. Akasema simu ya kiwanda ni ya kupokea, si ya kuwatia watu hofu, na kwamba akisikia Ardith amemwambia mteja hata mmoja kuhusu jambo hilo, meza ya marekebisho itapata mtu mwingine.

Basi akawapigia kutoka nyumbani kwake, jioni baada ya chakula, mimi nikiwa pembeni namenya maharage mabichi. Hapo ndipo tulipojifunza kitu ambacho miaka yote hatukukifikiria. Mtu anayenunua bastola ya bei ya chini kuliko zote ndiye huyo huyo anayekatiwa simu. Namba nyingi zilikuwa zimekufa. Zilizolia zilipokewa na watu waliodhani ni mdai. Wakisikia namba ya ugenini na sauti ya mama mpole anayewataja kwa majina yao kamili, wanakana.

"Hayupo. Alikufa," mmoja akasema.

"Alikufa lini? Nilizungumza naye Ijumaa."

"Alikufa Jumamosi."

Nilicheka mpaka bakuli likamwagika. Ardith hakucheka. Alimpigia Zella. Ikapokewa, na ile sauti inayoomba radhi aliitambua kwenye neno la kwanza.

"Zella hayupo."

"Zella, ni mimi, Ardith wa bastola. Sikiliza, ile magazini mpya..."

"Zella alihama," ile sauti ikasema, na simu ikakatwa. Akapiga tena, haikulia.

Baadaye tuliambiwa kwamba dada yake Denver alikuwa akimpigia Zella kila mara, akijifanya mtu wa benki, mtu wa kanisa, mtu wa zahanati, apate kujua kama bado anakaa pale. Zella alikuwa anaiamini namba moja tu ya ugenini, nayo ni ya kiwanda, ile ambayo Ardith alikatazwa kuitumia.

Jumapili baada ya ibada Ardith alikuja na gari mpaka mlangoni kwangu. Alikuwa na magazini nzuri, moja ya zetu, aliyoinyoosha na kuijaribu mwenyewe, kaifunga kwenye leso ndani ya mkoba wake wa kanisani. Hakunieleza mengi, na mimi sikuuliza. Tukavuka mto, tukapanda mabonde yale ambako njia inazidi kuwa nyembamba kila ukikata kona, mpaka tukaiona nyumba ya bati iliyowekwa juu ya matofali, na kibaraza cha mbao mbele yake.

Kwenye kibaraza alikaa mwanamume na bakuli la maharage na mkate wa mahindi. Nywele zake zilikuwa zimekatwa kile kimkato wanachokatwa wote huko alikotoka. Ardith alizima gari. Kisha akashuka.

"Karibuni, akina mama," yule mtu alisema, akitazama kofia zetu. "Kama ni dini, tunayo ya kututosha."

Ardith akamwambia anatoka kwa Mosbaugh, anamtafuta Zella.

Yule mtu, Denver mwenyewe, aliweka bakuli chini akapiga goti lake kwa furaha. "Zella, njoo uone, wamekuja wenyewe. Niliambiwa hawa watu huduma yao haina mfano, nikadhani ni maneno ya dukani."

Zella akatokea mlangoni. Ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kumwona. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake, na mkono wa kulia aliuficha nyuma ya mlango, hatukujua kama ni mzima.

Denver alitusimulia bila kuombwa, kama mtu anayesimulia siku ya uwindaji. Alifika mchana. Zella alimnyooshea bastola hapo hapo mlangoni, akavuta ile sehemu ya juu kupandisha risasi, na risasi ikasimama njiani kama jino bovu. Akavuta tena, na tena. "Nikamwambia, mke wangu, hebu nipe nikusaidie, utajiumiza. Akanipa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, hapa hapa nilipo." Akamgeukia Zella. "Si nilicheka?"

"Ulicheka," Zella akasema.

"Sikumgusa hata ukucha," Denver akatuambia. "Mtu aliyekuchekesha vile humpigi." Kisha akanyanyua bakuli lake, akaendelea kula, akasema kwa utulivu, "Sasa ninayo mimi. Na nasikia dhamana yenu ni kwa yeyote anayeishika. Hamuulizi maswali. Ni kweli ama si kweli?"

 Ardith akasema ni kweli, lakini haruhusiwi kuipokea mkononi, lazima itumwe kiwandani. Denver akasema haina shida, ataituma kwa jina la Zella, kwa kuwa karatasi zake za kutoka jela hazimruhusu kuwa nayo. Akamkonyeza Ardith, kama vile wote wawili ni watu wa biashara moja.

Ardith alimtazama Zella juu ya kichwa cha mumewe.

"Zella, gari lina nafasi."

Denver hakugeuka. Alikuwa anapangusa bakuli kwa mkate, polepole, anangoja kusikia na yeye.

"Nina chakula jikoni, dada," Zella akasema.

Tukarudi. Mkoba ulikuwa juu ya mapaja ya Ardith, na mimi ndiye niliyeendesha. Kesho yake alimpigia askari wa wilaya ile, akamweleza yote. Askari alikuwa muungwana. Aliuliza kama huyo mwanamke ameleta malalamiko. Hakuleta. Aliuliza kama Ardith ameiona hiyo bastola mkononi mwa huyo mwanamume. Hakuiona. Akamshukuru kwa kupiga.

Boksi likafika. Jina la Zella Tackett, mwandiko wa Zella, na ndani bastola ile ile aliyoitengeneza, ikiwa na zawadi yetu tumboni. Ilikuwa kazi ya muda wa kunywa kikombe cha kahawa: atoe magazini mbovu, aweke nzuri, ajaribu, afunge. Sheria ya kiwanda ilitaka itoke wiki ile ile. Ahadi ya mzee ilitaka hivyo pia. Ardith aliitazama siku nzima huku akitengeneza nyingine. Ilipofika saa ya kufunga kazi alilisukuma lile boksi nyuma kabisa ya rafu ya chini, akaweka mbele yake makopo ya mafuta.

Simu ya Laurel Lick ikawa inalia kila mara. Anayepiga ni Zella, kwa ile sauti yake, anauliza kama bastola iko tayari, na karibu naye unasikia pumzi ya mtu mwingine.

"Bado, mpenzi. Tunasubiri springi. Springi haijafika."

"Sawa, dada. Asante."

Kupitia dirisha letu nilimsikia akisema hivyo majira ya joto yote, na majani yalipoanguka bado springi ilikuwa haijafika. Mwanamke huyu, ambaye wateja wa majimbo ya mbali walimjua kwa kutokuchelewesha hata siku moja, alikuwa anatoa huduma mbovu kuliko zote ambazo kiwanda kile kimewahi kutoa, na aliitoa kwa sauti ile ile tamu. Denver alianza kumlalamikia Kip. Kip akashuka kuuliza, Ardith akamwambia boksi lilipotea posta. Alipotoka tu simu ikalia, Ardith akasema springi.

Siku moja nilimwambia ukweli, kwa kuwa urafiki usiosema ukweli ni ujirani tu. Nilimwambia anajichosha. Bastola za bei rahisi zimejaa kila mahali. Denver akitaka nyingine atapewa na binamu nyuma ya gari, tena hana haja na bastola mtu ambaye ana mikono.

"Najua," akasema. "Lakini asiipate kwangu." Akaendelea kusugua chuma alichokuwa ameshika. Kisha akasema bila kuniangalia, "Kila nikimwambia haijafika, simu ikikatwa, sijui kule nani anaulipia uongo wangu."

Nilimpitishia boksi jingine dirishani. 

Mikono ya Ardith ilianza kutetemeka mwaka uliofuata. Mwanzoni alificha, akawa anashika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto. Daktari aliupa ugonjwa ule jina lake, na Kip, ambaye hakuwahi kushindwa kutabasamu, akasema mtu anayetetemeka hawezi kushika bastola zenye risasi, jambo ambalo ni haki. Meza akapewa Junie, mke wa mwanangu wa pili, mwanamke mwenye mikono mitulivu na mdomo usiopenda maneno mengi. Ardith alimfundisha kupiga tupa, kunyoosha midomo ya magazini kwa koleo na jiliwa, kujaza makaratasi, kuwajibu wenye hasira kwa utani. Siku ya mwisho alisogeza makopo ya mafuta akamwonyesha lile boksi.

Junie alisikiliza habari yote amekunja mikono. Mwisho akauliza, "Na Kip akilikuta?"

"Mwambie inasubiri springi."

"Na akinifukuza?"

"Atakufukuza."

"Kwa hiyo nakaa na hili mpaka lini, mama Ardith? Mpaka yule mtu afe?"

Ardith alikaa kwenye kiti kilichokuwa chake. Alisema hajui, na kwamba anayetaka kazi yenye mwisho angekwenda kufuma. Denver anaweza kuishi miaka mingi. Watu wa namna yake huishi. Na kuna siku itakayokuja ambapo simu ya Laurel Lick haitalia tena, na Junie hatajua kama ni heri au ni msiba, na hakuna atakayempigia kumwambia. Pamoja na hayo boksi lisitoke. Akamshika Junie kiganja, na kutetemeka kwake kukahamia kwenye mikono yote miwili.

"Zella akipiga, usimuulize hali, kuna mtu anasikiliza. Mwambie springi haijafika. Mshukuru kwa uvumilivu wake, kama tunavyowashukuru wote. Halafu kaa na simu sikioni, usiseme kitu, ila usikate. Ngoja mpaka akate yeye."